Kisu, geji na guni: vifaa vya kuchorea alama ujitengenezee mwenyewe

Siku hizi fundi seremala anajinyima mpaka anunue randa ya umeme, lakini ukimwomba guni, kile kipimo cha pembe mraba, anakuletea kipande cha bati kilicholegea ribiti. Droo ikigoma kuingia, lawama zinamwendea muuza mbao: eti mbao mbichi. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi kosa ni la alama zilizochorwa vibaya.

Ushauri wangu kwa kijana anayeanza, awe Keko jijini Dar es Salaam au kwao kijijini, ni huu: futi kamba nunua, rula ya chuma nunua, lakini vya kuchorea alama tengeneza mwenyewe. Si suala la bei tu. Kifaa ulichokiunda kwa mkono wako, kikianza kudanganya unajua pa kukirekebisha.

Anza na kisu. Mstari wa penseli una unene, na ukipitisha msumeno juu yake, ndani yake au nje yake unapata vipimo vitatu tofauti. Kisu hakina ubishi huo. Chukua tupa kuukuu iliyokwisha meno, kata kipande kinachojaa kiganjani, noa ubavu mmoja tu. Ubavu wa pili ubaki bapa kabisa, maana ndio unaolala kwenye guni. Kwenye mashine ya kunolea usiwe na pupa: gusa, chovya majini, gusa tena. Ncha ikigeuka buluu, chuma kimeshalainika na hakitashika makali. Utalazimika kuisaga mpaka uipite sehemu hiyo. Faida utaiona unapokata ulimi wa kiungo, ile ncha inayoingia kwenye tundu: nyuzi za mbao zimekwisha kukatwa kabla msumeno haujafika, ukingo hauchaniki, na patasi inajikalia yenyewe kwenye ule mkato.

Geji, kifaa cha kuchora mstari unaokwenda sambamba na ukingo wa mbao, ndiyo ninayoipenda kuliko vyote. Ina vipande vinne: kijiti cha mraba kama robo tatu ya inchi, kichwa chenye tundu, kabari, na msumari. Kazi yote iko kwenye tundu. Lichonge kidogo kidogo kwa patasi kutoka pande zote mbili, kijiti kiingie kwa kusukumwa na dole gumba na kisichezecheze. Kabari inashika vizuri kuliko skrubu, tena haiachi makovu kwenye kijiti. Msumari uwe wa zege, ule mgumu. Tupa haiuwezi, kwa hiyo unoe kwenye jiwe. Usiufanye mkali kama sindano, kwani sindano inakwaruza. Utengenezee ubapa mdogo kama kisu. Na kijiti kitoboe kwanza kabla ya kuupigilia, la sivyo kitapasuka mbele ya macho yako.

Kuitumia: kichwa kibane ubavu wa mbao, laza geji kidogo ili msumari uburutwe, kisha sukuma. Mara ya kwanza pitisha kama unapapasa, mara ya pili ndipo ukaze. Ukikandamiza tangu mwanzo, msumari utafuata nyuzi za mbao badala ya kukufuata wewe.

Uzuri wa geji ni kwamba haikuulizi namba. Unaiseti kwa upana wa patasi utakayochongea tundu, basi; miguu yote minne ya meza inapata alama moja hata kama hujui ni milimita ngapi. Kwa kabati tumia fito ya vipimo: chukua ubao mwembamba, weka alama za kila shelfu, na kila ubavu wa kabati upimwe kwa fito hiyo hiyo. Waundaji wa majahazi huku pwani wanaunda chombo kizima bila ramani ya karatasi, sembuse kabati.

Guni, liwe la dukani au lako, lipime kabla ya kuliamini. Tafuta ubao ulionyooshwa ukingo, chora mstari kwa kisu, pindua guni, chora tena pale pale. Mistari ikiachana juu, nusu ya mwachano huo ndiyo kasoro ya guni. La mbao unalisawazisha kwa msasa. Mninga unafaa sana hapa kwa sababu hautanuki wala kusinyaa ovyo, ila baada ya masika lipime upya.

Kwa kichwa cha geji hakuna kama mpingo. Pale Mwenge, Dar es Salaam, wachongaji wa vinyago huwa na vipande vilivyobaki. Chagua kiini cheusi, acha ile sehemu nyeupe ya nje. Mti huo ni mzito hata ndani ya maji unazama, na utakumalizia makali ya patasi, hivyo tegemea tupa na msasa.

Na futi kamba yako: ile kulabu ya mwanzoni inacheza kwa makusudi. Inasogea kwa kiasi cha unene wake, ili upate kipimo kile kile ukiivuta kwa nje au ukiisukuma kwa ndani. Nimeona mafundi wakiigonga nyundo ikaze. Iacheni.

Mwisho paka mafuta ya kitani, futa yanayobaki juu. Kitambaa ulichopakia usikifinyange ukakitupa kwenye takataka za randa, kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje kikauke.