Maswali ya Wasomaji: Chakula cha Olomouc

SWALI: Naenda kusoma Olomouc, Jamhuri ya Cheki. Mimi Mwislamu, nitakula nini bila kumaliza pesa? – Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Kula mchana. Siku za kazi, kuanzia saa 5 hadi saa 8 hivi, migahawa hutoa polední menu, yaani chakula cha siku kwa bei nafuu. Ukichelewa, vizuri vimekwisha. Ukiona neno vepřové kwenye menyu, ni nguruwe. Svíčková ndiyo inayowaponza wengi: ni ng'ombe kwenye mchuzi wa krimu, lakini (achilia mbali suala la kuchinja) kwa mapishi ya jadi nyama huchomekwa vipande vya mafuta ya nguruwe. Kimbilia smažený sýr, jibini ya kukaanga, ila uliza mafuta yamekaangia nini. Tvarůžky, jibini ya huko, inanuka kushinda dagaa walionyeshewa: ifungie kwenye chombo chenye mfuniko, la sivyo friji nzima itanuka. Kwa mkate na kitunguu kibichi, tamu kweli.