Waifai imejaa lakini haifungui kitu

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi niko Rau hapa Moshi, tumevutiwa intaneti ya kebo nyumba kubwa na pale inakimbia vizuri tu, shida iko nyumba ya uani anakokaa mdogo wangu anayesoma chuo, ni kama hatua thelathini na katikati kuna migomba. Nilikuwa na rauta ya zamani ya antena moja, ile ya Mbps 150, imekaa kabatini miaka, nikaambiwa inaweza kurudia waifai ya nyumba kubwa. Nimehangaika nayo siku mbili. Nimeiweka chumbani kwake, simu inashika, mistari imejaa kabisa, ila inaandika imeunganishwa bila intaneti, na ikitokea imefungua basi nyumba kubwa nao wanaanza kulalamika imekata. Niitupe ninunue mpya au kuna namna?

JIBU: Dada wa Rau, salama kabisa. Usiitupe. Kwa ulivyoeleza hiyo rauta ni nzima, ila umeipa kazi mahali ambapo haiwezi kuifanya, na juu ya hapo inagombana na mwenzake.

Tuanze na mistari maana ndo inawachanganya wengi. Mistari unayoiona kwenye simu inakwambia simu na rauta iliyo karibu nayo wanasikilizana vipi, basi, haikwambii hiyo rauta yenyewe inapata nini kutoka nyumba kubwa. We ni mtu wa Moshi, mfereji unaujua: ukikinga ndoo kule mwisho ambako maji yameshakuwa matone, hata uwe na ndoo kubwa namna gani utaondoka na matone. Rauta umeiweka chumbani kwa mdogo wako, yaani palepale ambapo waifai ilikuwa haifiki, sasa yenyewe itarudia nini? Na hiyo migomba usiidharau, shina la mgomba na majani yake ni maji matupu na mawimbi ya gigahezi 2.4 yanamezwa na maji, ongeza ukuta wa tofali huku na ukuta mwingine kule, zile hatua thelathini zinakuwa kama mia.

Sasa hilo la nyumba kubwa kukatika ndo lililonifanya nijue ugonjwa wa pili. Kila rauta inatoka kiwandani na anwani yake, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na inatoka ikiwa tayari kugawa anwani kwa kila simu inayokuja, hiyo kazi ya kugawa ndo inaitwa DHCP. Ukiwa na rauta mbili kwenye mtandao mmoja na zote zinagawa, simu nyingine inapewa maelekezo na rauta ya kabatini, inaambiwa pita kwangu, na yenyewe haina njia ya kutoka nje. Na kama zote mbili zinajiita 192.168.1.1 ndo balaa kabisa, nusu ya vifaa vinabisha mlango huu na nusu mlango ule. Kwa hiyo hata kwa wale wa nyumba kubwa inakata kweli, hawakusingizii.

Ushauri wangu, na huu nausimamia: vuta waya wa mtandao kutoka rauta ya nyumba kubwa mpaka hii ya zamani chumbani kwa mdogo wako. Kurudia kwa hewa kwa rauta ya aina hiyo yenye redio moja ni kazi ya kupokea halafu kusema tena kwa mdomo uleule, spidi inapungua karibu nusu hata hali ikiwa nzuri, na mara nyingi rauta ya kampuni hii haielewani na ya kampuni ile kwenye huo mtindo wa kurudia. Waya wa Cat5e unafika mita 100 bila shida na we unahitaji kama 30 tu. Dukani usikubali tu ukiambiwa ni kopa, omba kipande, menya uzi mmoja mwembamba kabisa wa ndani na uukwangue kwa ncha ya kisu, ukiona weupe chini ya ule wekundu hiyo ni alumini iliyopakwa kopa, iache, inakatika ovyo na kwa njia ndefu inasumbua. Chukua ule wa nje wenye ganda jeusi, upitishe ndani ya bomba la plastiki chini ya ardhi, usiufuatanishe na waya wa umeme. Na kipindi cha masika radi zikianza chomoa ncha zote mbili, waya wa kopa kati ya nyumba mbili radi ikipiga jirani inaweza kuondoka na rauta zote, na laptopu ya mdogo wako ikiwa imechomekwa hapo nayo iko hatarini.

Kabla hujachomeka waya wa nyumba kubwa ikalishe rauta mezani peke yake. Bonyeza kile kitufe cha kuifuta setingi zote (reset), kishikilie kama sekunde kumi mpaka taa zipepese zote, isubiri iwake upya. Iunganishe na laptopu kwa waya mfupi, fungua anwani iliyoandikwa kwenye karatasi chini ya tumbo lake, ingia. Weka kwanza waifai: jina na paswedi unaweza kuweka zilezile za nyumba kubwa ili simu ihame yenyewe mtu akitembea, usalama chagua WPA2 na AES. Ukichagua ile ya zamani ya TKIP rauta itajishusha mpaka Mbps 54 na utadhani waya ndo mbovu. Chaneli, yaani njia ya hewani ambayo waifai inapita, kama nyumba kubwa iko 1 we weka 6 au 11, hizo tatu ndo hazikanyagani. Badilisha na paswedi ya kuingilia kwenye setingi, usiache ile ya kiwandani.

Halafu anwani. Kwenye simu iliyo kwenye waifai ya nyumba kubwa gusa jina la waifai, tafuta palipoandikwa gateway, tuseme ni 192.168.1.1, basi hii ya zamani ipe 192.168.1.250, ila hakikisha kwanza kwenye rauta kubwa kwamba hiyo namba haimo kwenye zile inazogawa. Ukihifadhi ukurasa utaganda, na hapa ndo watu wengi wanaogopa wanaifuta tena wanaanza upya, usiogope, imehamia tu, andika anwani mpya utaikuta. Ukishaingia zima DHCP, hifadhi, na hiyo iwe kazi ya mwisho kwa sababu ukishaizima laptopu haipati tena anwani kutoka kwake.

Sasa chomeka waya wa nyumba kubwa kwenye tundu la LAN, yale manne yanayofanana. Lile moja lililojitenga lenye rangi yake, la WAN, liache wazi. Ukikosea hapo ile anwani uliyoipanga haina maana tena.

Kama waya haiwezekani kabisa, labda ua si wako, basi rauta ihamishie nyumba kubwa kwenye dirisha linalotazama uani, ambako bado inapata waifai nzuri. Rauta kubwa itenganishe majina ya waifai ya gigahezi 2.4 na ile ya gigahezi 5 maana hii ya zamani 5 haiioni, kwenye usalama iondoe kwenye WPA3, ule mpya zaidi, uirudishe WPA2, na chaneli isiwe 12 wala 13 kwani vifaa vingine vya zamani vinaishia 11. Itafungua, ila kusoma kwa video sikuahidi.

SWALI: Mimi wa Sakina, Arusha. Rauta yangu ya zamani asubuhi iko poa, jioni inajizima na kuwaka kila baada ya dakika chache. Nimeshaifuta mara nne. Ni programu yake imeharibika?

JIBU: Ndugu, acha kuifuta, shika adapta. Ikiwa ya moto kiasi huwezi kuikumbatia kiganjani, au inalia kama nyuki ukiisogeza sikioni, ndo hiyo. Jioni kila mtu yuko kwenye waifai, rauta inavuta moto zaidi, adapta iliyochoka inashindwa. Juzi nilipima moja iliyoandikwa volti 9, bila mzigo ilisoma 9 safi, nilipoichomeka kwenye rauta ikashuka mpaka 7 na taa zikazima mbele ya macho yangu. Unaponunua nyingine volti zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye rauta, ampea zikizidi haina neno, zikipungua ndo shida, na angalia ule mchoro mdogo wa chanya na hasi ufanane. Adapta mpya ikishindwa kuiponya mpelekee fundi aifungue, akikuta kapasita imevimba kichwa aibadilishe.