Mucronata: likate mu-kro-NA-ta

Salama ndugu yangu. Umekwama kwenye mucronata, lile neno la pili la jina la kisayansi la mkoko, Rhizophora mucronata, hujui ukate muc-ro ama mu-cro. Kwanza angalia hiyo c, isome k, halafu usiitenganishe na r: mu-kro-na-ta, silabi nne, mkazo kwenye NA, ya pili kutoka mwisho vile tunavyosema ka-LA-mu. Mi nlipokuwa nikitembeza wageni mikokoni hapa Lamu nlikuwa natia vokali katikati, mukuronata, mpaka nkaanza kulisema polepole huku nmeshika jani lenyewe, maana pale nchani pana kijimwiba na ndo maana ya neno, lenye kincha kikali. Ukikuta mucronatus kwa mmea mwengine ni lilelile, mkazo palepale.