Kabla hujaongeza bafa ya soketi

Wewe unayeanza kuandika dimoni za Linux, yaani programu zinazofanya kazi chinichini, kuna kosa moja lililonila siku mbili nzima, nami sitaki likule wewe.

Dimoni yangu ilikuwa ikisikiliza habari za violesura vya mtandao kupitia soketi ya netlink, njia ambayo kerneli (kiini cha Linux) huitumia kuzipa programu habari. Siku za kawaida ilitulia kabisa. Ila seva ikiwasha kontena mia kadhaa kwa mpigo, orodha yangu ya violesura ilibaki na mapengo, na kwenye logi hamna kitu. Nilipekua msimbo wangu mstari kwa mstari nikitafuta hitilafu ambayo haikuwepo. Jibu lilikuwa ndani ya /proc/net/netlink, safu ya Drops: namba ya soketi yangu ilikuwa ikipanda. Kerneli ilikuwa ikitupa ujumbe kwa sababu bafa, yaani kumbukumbu inayohifadhi ujumbe unaosubiri kusomwa, imejaa, na ilinieleza hivyo kwa kosa la ENOBUFS. Mimi ndiye niliyeliweka kosa hilo kwenye kundi la makosa ya kupita, yale ambayo programu inajaribu tena na kuendelea. Anza na safu hiyo kabla hujagusa chochote.

Basi nikaomba megabaiti 8 kwa SO_RCVBUF, chaguo la kuweka ukubwa wa bafa ya kupokea. Hakuna kosa lililorudi, nikafurahi, mapengo yakabaki. Nilipoiuliza soketi ukubwa wake kwa getsockopt, ikanijibu baiti 425984. Kikomo cha mfumo kwa ombi kama hilo, net.core.rmem_max, kilikuwa 212992. Kerneli ilikata ombi langu hadi hapo kimyakimya, kisha ikazidisha kwa mbili, kama ifanyavyo daima ili kufidia gharama zake za utunzaji. Ndiyo maana nasisitiza: ukishaweka, soma tena ulichopewa, ukiandike kwenye logi. Kukivuka kikomo hicho kuna SO_RCVBUFFORCE, inayotaka ruhusa ya CAP_NET_ADMIN. Mimi huanza na hiyo. Ikikataliwa narudi kwenye ile ya kawaida.

Ukubwa gani sasa? Usikisie, piga hesabu. Tuseme matukio 5,000 yanaingia kwa sekunde, wewe unashughulikia 1,000, na mafuriko yanadumu sekunde 3. Yatakayorundikana ni 12,000. Kila ujumbe ukihesabiwa kilobaiti 1, unahitaji takriban megabaiti 12, ilhali bafa ya baiti 212992 ingejaa baada ya ujumbe kama 200 tu. Angalia pia kwamba kerneli haihesabu urefu wa ujumbe peke yake, huhesabu na kumbukumbu yote inayoubeba, kwa hiyo ujumbe wa baiti mia mbili unakula zaidi ya hizo. Usiogope namba kubwa: kumbukumbu hiyo haitengwi mapema, hutumika ujumbe unapofika. systemd-udevd yenyewe, dimoni ya Linux inayopokea matukio ya vifaa, huomba megabaiti 128.

Lakini kama matukio yanaingia kwa kasi kuliko unavyoyatoa muda wote, bafa yoyote itajaa. Hapo tatizo liko kwenye kitanzi chako cha kusoma. Changu kilikuwa kikiandika faili kwa kila tukio. Nilipokitenganisha, kikawa kinasoma na kupanga foleni tu huku kazi nzito ikifanywa na uzi (thread) mwingine, nafuu niliyoipata ilizidi ile ya bafa.

Hata hivyo ENOBUFS itakuja siku moja, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukiipata, jua kwamba picha uliyonayo si ya kuaminika tena. Soma kwanza ujumbe wote uliobaki mpaka soketi iwe tupu, maana kabla haijamalizika kerneli inaendelea kutupa matangazo mapya. Kisha omba orodha kamili upya, kwa soketi ya pembeni, na uilinganishe na uliyonayo. Hata dimoni inapowaka, jiunge na kundi la matangazo kwanza, ndipo uombe orodha. Ukigeuza mpangilio huo, kiolesura kitakachozaliwa katikati ya hatua hizo mbili hutakiona kamwe.