Mbona dizaini yangu inatoka na ukungu kwenye tisheti?

SWALI: Mambo vipi, mi nachora dizaini nauza tisheti mtandaoni, oda ikiingia kampuni inaprinti na kumtumia mteja, stoku sinunui. Sasa mteja kalalamika picha ina ukungu na rangi zimefifia, wakati kwenye simu yangu inang'aa kabisa. Shida nini?

JIBU: Pole sana. Skrini ya simu ni ndogo, inaficha mengi. Eneo la inchi 15 kwa 18 linataka pikseli (vidoti vinavyounda picha) 4500 kwa 5400, yani 300 kila inchi, na kama faili lilipitia WhatsApp kama picha ya kawaida basi limeshabanwa, hata ulivute vipi kilichopotea hakirudi, chora upya kwa saizi kamili. Rangi nazo, skrini inatoa mwanga ila wino hautoi, kwa hiyo kijani cha neoni lazima kipoe. Sevu kama PNG, aina ya faili la picha, isiyo na mandharinyuma, la sivyo tisheti nyeusi itabeba kiboksi cheupe.

Halafu jiagizie sampuli, ivae, ifue, ndo uiweke sokoni. Huyo mteja mrudishie hela yake, kampuni kwa kawaida inabeba makosa yake ya kuprinti, faili bovu ni juu yako.