Antibayotiki: muulize daktari anatibu nini, na kwa siku ngapi

Mimi ni mfamasia, niko dirisha la dawa kila siku, na kama kuna swali nimelisikia kuliko yote ni hili: "hii dawa ni kali?" Mtu akipewa amoksilini anaona kama hajatibiwa, akipewa dawa mpya yenye jina gumu anaondoka ameridhika. Nawaelewa jamani, ukiwa unaumwa unataka upone leo leo, lakini antibayotiki nzuri kwako ni ile inayomuua mdudu uliye naye wewe, kwa dozi inayotosha, halafu unaacha. Amoksilini hiyo hiyo watu wanayoidharau mpaka leo ndiyo dawa ya kwanza inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa nimonia ya watoto isiyohitaji kulazwa.

Hilo shirika mwaka 2017 lilizigawa antibayotiki kwenye makundi matatu, na nadhani kila mgonjwa angefaidika kulijua hili. Kundi la kwanza ni zile za kuanza nazo, humo utakuta amoksilini, doksisaiklini, nitrofurantoini. Kundi la pili ni za kuchunga, maana wadudu wanazizoea kirahisi zaidi, humo zimo siprofloksasini, azithromaisini na sindano ya seftriaksoni ambayo watu wanaipenda sana. La tatu ni akiba, kwa mfano kolistini na linezolidi, hizo zinatunzwa kwa mtu ambaye nyingine zote zimegoma. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibayotiki wanazotumia binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Kwa hiyo daktari akikuandikia ya kundi la kwanza usione amekupuuza, mara nyingi ni kwamba amefikiria.

Sasa ushauri wangu mkubwa ni maswali mawili tu ukiwa bado umekaa mbele ya daktari. Anatibu nini? Na kwa siku ngapi, kwa nini hizo?

Nianze na la kwanza. Antibayotiki zinaua bakteria basi, virusi hazivigusi kabisa. Mafua ya kawaida, influenza, Uviko, sehemu kubwa ya koo kuuma na sehemu kubwa ya vikohozi vya kifua vinavyofuata baada ya mafua, hivyo vyote kwa kawaida ni virusi. Hapo mzazi ananiambia lakini makohozi yamekuwa ya kijani, si ina maana kuna bakteria? Hapana. Ule ukijani unatokana na chembe nyeupe za damu, zina kimeng'enya chenye rangi hiyo, na zinakuja kupigana iwe ni virusi iwe ni bakteria, kwa hiyo rangi peke yake haikuambii kitu. Na jambo lingine ambalo watu hawaambiwi ni kwamba kikohozi cha namna hii kinaweza kukaa wiki mbili mpaka tatu hata kama mtu anaendelea vizuri, homa imeisha, anakula, analala. Mtu asiyejua hili siku ya nane anaanza kuhangaika, anatafuta dawa, anapewa, siku ya kumi na nne kikohozi kinaisha chenyewe na yeye anaisifia dawa. Ndivyo imani inavyojengeka, na mwaka unaofuata anaitaka ile ile.

Mtoto anayeharisha naye ni hivyo hivyo, mara nyingi anachohitaji ni maji yenye chumvichumvi ya ORS na zinki kwa siku 10 mpaka 14. Antibayotiki inaingia kukiwa na damu kwenye choo, au kukiwa na mashaka ya kipindupindu, au mtoto amezidiwa na daktari kaona sababu. Na malaria ni vimelea vingine kabisa vyenye dawa zake. Kipimo cha malaria kikitoka hakuna, hiyo haimaanishi moja kwa moja kwamba ni bakteria, ina maana tu daktari aendelee kutafuta.

Lakini pale ambapo kweli ni bakteria, hapo ndipo swali linakuwa tamu zaidi: bakteria gani? Hili nimelipitia nyumbani kwetu kwa mama yangu mzazi. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ilikuwa inamrudia, anapewa siprofloksasini anapata nafuu kidogo, inarudi, anaongezewa siku, inarudi, anapigwa sindano, inarudi, na kila mara mkojo unapimwa kwa kijiti tu halafu dawa inaandikwa. Nikaomba mkojo wake uoteshwe maabara kabla hajameza kidonge kingine chochote. Majibu yalipotoka nikamuomba mtaalamu wa maabara anionyeshe sahani yenyewe, maana kuandika jina la dawa ni kitu kimoja na kuona kwa macho ni kitu kingine. Ni kisahani cha duara kinachoenea kwenye kiganja, ndani kuna ute mgumu wa kuoteshea, na juu yake bakteria wa mama wameota wametanda utando wa kijivujivu. Juu ya huo utando vimepangwa vidonge vyeupe vidogo vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa moja na kina herufi zake. Kwenye kile cha nitrofurantoini kulikuwa na duara pana safi, hakuna kilichoota. Kwenye siprofloksasini bakteria walikuwa wameota mpaka wamegusa karatasi, yaani kama vile hakuna dawa kabisa pale. Dawa ambayo mama alikuwa anaimeza asubuhi na jioni.

Figo zake zikapimwa kwanza kwa sababu nitrofurantoini haifai kama figo zimechoka sana, zikaonekana ziko sawa, akaitumia siku tano na mkojo ukaacha kuchoma. Hiyo dawa ilianza kutumika miaka ya 1950.

Kwa hiyo kama ugonjwa unakurudia, au dawa ya kwanza imegoma, au umelazwa, omba kipimo cha kuotesha. Sampuli itolewe kabla ya kidonge cha kwanza, ukishaanza dawa bakteria wanaweza wasiote na majibu yakakudanganya. Mkojo uwe wa katikati, yaani ule wa mwanzo unauacha uende ndipo unakinga. Majibu huchukua siku mbili tatu, na kama hali haisubiri daktari anaanza na dawa ya kukisia halafu majibu yakitoka anabadilisha, hiyo ndiyo tiba nzuri ya siku hizi, kuanza kwa upana, yaani na dawa inayoua aina nyingi za bakteria, na kupunguza ukishamjua mdudu. Ila majibu yafuateni jamani! Inaniuma sana kuona majibu yamekaa maabara hayajachukuliwa na mwenyewe anaendelea kumeza dawa ambayo karatasi inasema haifanyi kazi.

Na kuna upande wa pili wa hili suala la UTI. Kama huna dalili yoyote, hukojoi kwa maumivu, huna homa, ila kipimo kimeonyesha kuna bakteria kwenye mkojo, kwa watu wengi hiyo haitibiwi. Mjamzito anatibiwa, na mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji au upimaji wa njia ya mkojo unaoweza kumtoa damu. Kwa wengine, hasa wazee, bakteria wanaweza kukaa pale bila kuwadhuru, na kuwafukuza kwa dawa kila mwezi kunaleta wengine sugu zaidi. Kuna akina mama wanaambiwa wana UTI sugu wakati kinachotibiwa ni karatasi ya majibu.

Swali la pili, siku ngapi. Hapa ndipo mambo yamebadilika kweli kweli na watu wengi bado wana elimu ya zamani. Zamani ilikuwa siku kumi, siku kumi na nne, basi tu ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka ya karibuni zimefanyika tafiti nyingi kulinganisha dozi fupi na ndefu, na kwa magonjwa mengi ya kawaida fupi imefanya vizuri sawasawa. Nimonia ya mtu mzima aliyeipata nyumbani na anaendelea vizuri, siku tano zinaweza kutosha. UTI ya kibofu kwa mwanamke, nitrofurantoini siku tano, au fosfomisini dozi moja tu. Ikipanda kwenye figo, mara nyingi siku saba.

Sababu ya kufupisha ni hii. Unapomeza antibayotiki haiendi kwenye ugonjwa peke yake, inapita kwenye utumbo na ngozi na koo, ambako kuna bakteria wengi wasio na hatia na wengine wanakusaidia. Kila siku ya ziada ni siku ya kuwachuja, wanaokufa wanakufa, wanaobaki ni wale wanaoiweza dawa, na hao wanazaana na pia wanaweza kuwapa bakteria wengine vinasaba vyao vya usugu. Kesho mmoja wao akiingia kwenye kibofu au kwenye kidonda, unaanza ugonjwa ukiwa tayari na mdudu sugu. Na bado kuna kuharisha na fangasi sehemu za siri, vyote hivyo vinaweza kuja na dawa ambayo hukuihitaji.

Ila sikiliza vizuri hapa, sisemi uache dawa ukijisikia nafuu! Kifua kikuu kinatibiwa miezi, kwa kawaida sita, na anayekatiza anatengeneza kifua kikuu sugu anachoweza kumwambukiza mwanae. Mifupa ikiingia bakteria ni wiki kama sita. Koo linaloumwa kwa sababu ya bakteria aitwaye streptokoka mara nyingi bado linapewa siku kumi za penisilini ili kuzuia homa ya baridi yabisi inayoharibu moyo. Kwa hiyo tofauti zipo na sababu zake zipo, ndiyo maana nasema uliza, usijiamulie. Ulichoandikiwa kimalize kama kilivyoandikwa, na kama umepona mapema unaona siku zilizobaki ni nyingi mpigie aliyekuandikia umuulize. Zikipita siku mbili tatu huoni nafuu rudi, usijiongezee dawa nyingine juu yake.

Halafu sindano. Watu wanaamini sindano inaponya kuliko kidonge. Kama unaweza kumeza, hutapiki na dawa yako inafyonzwa vizuri tumboni, kidonge kinafika. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Uingereza kwa wagonjwa wenye maambukizi ya bakteria kwenye mifupa na viungo, ule ugonjwa uliokuwa unalaza watu na dripu wiki na wiki, na walioanza vidonge mapema walipona sawa na wa dripu. Kwenye kifua kikuu sugu pia, watu walikuwa wanachomwa sindano kwa miezi na tiba inaenda mwaka na nusu au zaidi, tangu 2022 kuna mchanganyiko wa vidonge vitupu wa miezi sita kwa wengi wao. Hizi ni habari njema kabisa na zinatakiwa ziwafikie watu.

Mambo madogo madogo ambayo nayarudia kila siku dirishani: doksisaiklini na siprofloksasini usizimeze pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia, vinaikamata dawa tumboni inatoka hivyo hivyo. Dawa ya unga ya mtoto ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka ule mstari, itikiswe kila mara kabla ya kumpa, na muda wake ukiisha imwagwe, amoksilini ni siku 7 au 14 kulingana na maelezo ya chupa. Kapsuli usiifungue ukamwagia unga kwenye kidonda. Zilizobaki usimpe jirani wala usizifiche kwa ajili ya homa ijayo. Na kama uliambiwa utotoni una aleji ya penisilini, omba ichunguzwe upya, maana zaidi ya tisa kati ya kumi ya wanaojiita hivyo wakipimwa wanakutwa hawana, na huku wamekuwa wakipewa dawa za kundi la pili maisha yao yote.

Alexander Fleming aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alisimama akatoa mfano wa mtu anayeumwa koo, anajinunulia penisilini, anakunywa kidogo isiyotosha kuwaua wadudu, wanaizoea, anamwambukiza mke wake nimonia, mke anapewa penisilini inagoma anakufa. Mwaka 1945 hiyo! Na mwaka 2019 ilikadiriwa watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria sugu.

Mwisho, msije mkaogopa antibayotiki mpaka mkachelewa. Mtu mwenye maambukizi akianza kuhema haraka, kuchanganyikiwa, ngozi imekuwa ya baridi au ina mabaka, mkojo umepungua sana, mtoto amelegea au hanyonyi, kichanga chini ya miezi mitatu ana homa, usikae nyumbani kusubiri, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Hapo inaweza kuwa maambukizi yameingia kwenye damu, na dawa inatakiwa ianze ndani ya saa moja, yenye upana, bila kungoja majibu ya kuotesha. Ukifika waambie antibayotiki gani mgonjwa ametumia miezi mitatu iliyopita, kama alilazwa karibuni na kama ana aleji, ikiwezekana beba maboksi yenyewe, kwa sababu dawa aliyotoka kuitumia juzi inaweza kuwa ndiyo ile mdudu wake ameshaizoea na daktari anahitaji kulijua hilo kabla hajachagua.