Barua kwa mwanangu: hiyo pumu ya ngozi ya mtoto

Mwanangu, huku salama, baba yako anakusalimia. Meseji yako nimeisoma, unauliza mtoto kaitoa wapi hii pumu ya ngozi (ekzema), itaisha lini, na kwamba mwenzio kaacha kumpaka krimu ya hospitali maana kasikia ina steroidi, dawa ya kutuliza ngozi inayowaka, na kwamba steroidi inakula ngozi. Kwenye simu tungekatizana tu, bora niandike.

Kaitoa kwetu humu humu. We mwenyewe ulikuwa na pumu ya kifua mpaka unaingia sekondari, shangazi yako akifagia uwanja ni chafya mpaka machozi, na hayo yote huwa yanatembea kwenye ukoo mmoja. Haiambukizi, kwa hiyo dada wa kazi asiogope kumbeba. Ngozi ya namna hiyo haishiki maji, inakauka, inapata nyufa ndogo hata huzioni, vumbi na sabuni na jasho vinapenya, inawasha, anajikuna, nyufa zinaongezeka. Wengi inawapungua wakikua, wengine inawarudia ukubwani.

Sasa krimu. Hiyo uliyonitumia picha ni haidrokotisoni ya asilimia 1, steroidi kweli ila kwa nguvu iko chini kabisa, wodini tulikuwa tunawapa watoto wapake mpaka usoni. Hofu ya mkwe wangu naielewa lakini, nimewahudumia wadada waliojichubua kwa mkorogo, na mikorogo mingine ina klobetasoli ndani, hiyo nayo ni steroidi ila kali mno, ndo inayofanya ngozi kuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana. Sasa kwa kuogopa ya duka la vipodozi mtoto ananyimwa ya hospitali, anajikuna mpaka damu, hapana jamani. Na hayo mabaka meupe mashavuni sio kwamba krimu imemchubua, ngozi ikitoka kuwaka hupoteza rangi kwa muda, inarudi taratibu, hata miezi. Halafu msitafute wekundu kama wa kwenye picha za mitandaoni, kwa ngozi zetu angalia panapokuwa peusi zaidi au kijivu, pita na kiganja usikie panapokwaruza.

Kamua krimu kwenye kidole chako cha shahada, kuanzia ncha mpaka mstari wa kwanza, hiyo inatosha sehemu yenye ukubwa wa viganja vyako viwili pamoja na vidole. Paka palipochachamaa tu, kwa siku mlizoandikiwa. Pakitulia krimu inaachwa, mafuta hayaachwi.

Mafuta ndo kazi yenyewe. Maji ya uvuguvugu, dakika tano mpaka kumi, sabuni isiyo na harufu na ni kwa sehemu chafu tu, hizo sabuni za dawa mnazoziamini zinakausha. Akitoka kwenye beseni usimsugue, mgandamize na kanga laini, akiwa bado na unyevu ndani ya dakika tatu hivi mpake mafuta ya mgando yasiyo na marashi mwili mzima, sio mashavuni tu, ang'ae kabisa. Ukichelewa yale maji yanaondoka na ya ngozi yake. Jioni tena, na mchana ukiona amekauka.

Kuhusu kuja huku Julai, njooni, ila Dodoma kipupwe unakijua, upepo mkavu na vumbi, midomo inapasuka hata yetu wazee. Bomba letu la kisima lina chumvi, sabuni haitoi povu mtu anaongeza tu, nimeshamwambia baba yako yale ya mvua kwenye simtanki yasiguswe, ya mjukuu. Mje na mafuta ya kutosha na nguo za pamba, msimfunike masweta matatu kama wanavyofanya huku, akipata joto ndo anawashwa.

Ushauri mliopewa wa kumkatia mayai, maziwa, samaki na karanga kwa kubahatisha mi siukubali, mtoto wa miezi minane mtamkondesha bure. Chakula kikimkataa, mara nyingi utaona mapema, midomo inavimba, anatoka vipele, anatapika, hapo ni hospitali. Karanga zenyewe (utasema ni mambo yetu ya Kongwa, kwenye mashamba ya karanga) kuna utafiti wa Uingereza wa 2015, watoto wenye pumu ya ngozi kali walioanza kula karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11 walipata mzio wake kidogo sana kuliko walionyimwa. Wa kwenu sio kali, ila mwambieni daktari kwanza, na iwe iliyosagwa laini kwenye uji, punje zinakaba. Mafuta ya karanga msimpake.

Usingoje kuniuliza mimi ukiona usaha au magamba ya njano, au vilengelenge vinavyouma vimejazana pamoja na homa, huyo apelekwe siku hiyo hiyo. Mtu mwenye malengelenge mdomoni asimbusu, hata akiwa mjomba. Na kama nyie wote nyumbani mnajikuna usiku, hasa katikati ya vidole, huo ni upele wa kuambukizana, una dawa yake nyingine.

Nipigie picha ya nyuma ya magoti na viwiko, mchana, karibu na dirisha, maana ile ya usiku na flashi sikuona kitu. Na mkwe wangu anipigie yeye mwenyewe, sio mpaka upeleke wewe maneno.

Mama